Simulesheni inasema kipande ni kizima, eksirei inaonyesha vitundu. Tuamini kipi?

#1 MkonoWaAlumini
Wakuu salaam. Naleta jambo ambalo limetugawa kazini.

Tunasubu mkono wa suspensheni wa gari dogo kwa aloi ya A356 (alumini yenye silikoni). Kalibu ni ya chuma, na metali inamiminwa kutoka juu bila presha yoyote. Kabla kalibu haijachongwa, muundo ulipitishwa kwenye programu ya simulesheni: jinsi metali inavyojaza, inavyoganda na inavyosinyaa. Matokeo yalipendeza. Kifundo kinene kinachopokea bushi kinaganda mwisho, raiza (akiba ya metali inayolisha kipande kinaposinyaa) imekaa juu yake, na ramani ya hatari haina doa jekundu ndani ya kipande. Hatari yote imehamia kwenye raiza, ambayo inakatwa.

Kalibu ikachongwa, tukamimina kwa nyuzi 720 kama tulivyoiambia programu. Eksirei imeonyesha vitundu kwenye kifundo kile kile, na vingine vimetawanyika kwenye shingo inayounganisha kifundo na mkono. Si kila kipande, ila ni vingi mno kwa kitu ambacho kikivunjika barabarani gurudumu linaondoka.

Dai langu ni hili: simulesheni tunaziamini kupita kiasi. Mwenye maelezo mengine aseme.

#2 Kifyatuo
Nimeweka kiti. Uzi huu utanoga.

#3 MzeeWaMchanga
Kijana, kabla ya rangi zenu za kwenye skrini tulikuwa na Chvorinov, yule wa kanuni ya muda wa kuganda, na bado hajastaafu. Chukua ujazo wa sehemu, ugawe kwa eneo la uso unaopoza, halafu zidisha jibu kwa jibu. Muda wa kuganda unafuata hapo. Kifundo chenye uwiano wa milimita 10 na mkono wenye uwiano wa milimita 6, kifundo kitachukua karibu mara 2.8 ya muda wa mkono. Raiza lazima izidi kifundo kwa uwiano huo, na shingo ya raiza ikae wazi hadi kifundo kimalize. Raiza ikitangulia kuganda ni titi lililokauka, mtoto atanyonya hewa.

Pima raiza yako kwa kalamu kwanza. Nakisia ni ndogo.

#4 BintiMetali
Shikamoo mzee. Hesabu yako ni sahihi kwa mchanga, ila yeye kasema kalibu ni ya chuma.

Chvorinov alichapisha kanuni yake mwaka 1940, na ile "zidisha jibu kwa jibu" inatokana na mchanga wenyewe kuwa mgumu kupitisha joto. Kwenye kalibu ya chuma kizuizi kikubwa hakipo ndani ya kalibu, kipo pale metali inapogusana na ukuta. Hapo muda unaelekea kufuata uwiano wenyewe bila kuuzidisha. Kwa namba zako, kifundo kitachukua karibu mara 1.7 ya muda wa mkono. Tofauti ya 1.7 na 2.8 inaweza kubadilisha kabisa ukubwa wa raiza.

MkonoWaAlumini, hiyo ramani isiyo na doa jekundu ni ramani ya nini hasa? Programu inatoa ramani nyingi, na kila moja inajibu swali lake.

#5 Wavu_Laini
Bila shaka ni Niyama, kile kigezo cha kutabiri vitundu vya kusinyaa. Watu wengi wakifungua matokeo huangalia hiyo tu. Ilitoka mwaka 1992 kama sikosei, na iko kwenye kila programu, MAGMASOFT, ProCAST na nyinginezo.

#6 BintiMetali
Ni 1982, mkuu. Na ilitokana na chuma cha pua kilichosubiwa, hilo ndilo la kukumbuka. Inachukua mwinamo wa joto, inaugawa kwa kipeuo cha pili cha kasi ya kupoa, wakati metali inakaribia kumaliza kuganda. Namba ikiwa ndogo, maana yake joto halina mwelekeo mzuri, metali ya majimaji inashindwa kupenya kati ya matawi ya fuwele, na vitundu vya kusinyaa vinaweza kutokea.

Angalieni kitu kisichokuwemo kwenye mlingano huo: gesi. Haidrojeni haimo kabisa. Mtu akiutumia kwenye alumini na kutangaza kwamba kipande hakina vitundu, amejibiwa sehemu ya swali tu.

#7 MkonoWaAlumini
Asante dada. Ndiyo, ni Niyama, pamoja na ramani ya sehemu zinazoganda mwisho. Gesi haikuwekwa.

Mzee, raiza nimeipima kwa njia zenu zote mbili. Kwa hesabu ya mchanga inaonekana ndogo kidogo, kwa hesabu ya BintiMetali inatosha.

#8 HaidrojeniTu
Basi kesi imeisha. Alumini ya majimaji inabeba haidrojeni takribani mara 20 ya ile inayoweza kubebwa na alumini iliyoganda. Ikianza kuganda, ile ya ziada inatafuta pa kwenda, na mahali panapochelewa kuganda ndipo inapojikusanya. Kifundo chako! Unyevu kwenye vifaa, mabaki yaliyorudishwa tanurini yakiwa na mafuta, hewa yenye unyevunyevu juu ya tanuri, vyote vinalisha haidrojeni.

Mnafanya kipimo cha ombwe? Sampuli moja inaganda kwenye hewa ya kawaida, nyingine kwenye ombwe la milibari 80, kisha mnalinganisha msongamano. Kama hamfanyi, simulesheni isilaumiwe. Haikuambiwa metali ni chafu.

#9 Wavu_Laini
@HaidrojeniTu umeharakisha hukumu. Umbo la vitundu likoje? Vya gesi huwa vya mviringo na kuta laini. Vya kusinyaa vinakuwa na kingo zilizochongoka kwa sababu vinafuata nafasi kati ya matawi ya fuwele. Kateni kipande kimoja, kisugueni, kiwekeni chini ya hadubini. Eksirei ya kawaida inabana unene wote kwenye picha moja, na ubora wake mara nyingi hupimwa kwa uwezo wa kuonyesha tofauti ya asilimia 2 ya unene. Kwenye kifundo kinene kuna vitu vingi havionekani, na vinavyoonekana hujui viko kina gani.

#10 TandoMbili
Naona mmepita pembeni ya jambo lenyewe. Kasema metali inamiminwa kutoka juu.

John Campbell, mtaalamu wa usubu wa metali, ameandika maisha yake yote kuhusu hili. Uso wa alumini ya majimaji una utando wa oksidi. Metali ikivurugika, uso unajikunja, utando unagusana na mwenzake upande mkavu kwa mkavu, na katikati panabaki ufa ambao haujashikana. Unamezwa ndani. Baadaye haidrojeni au kusinyaa kunaufungua ufa ule, nanyi mnabishana kama ni gesi au kusinyaa wakati mlango ulikuwa umeshafunguliwa tangu kumimina.

Kikomo anachokitaja ni takribani mita 0.5 kwa sekunde kwenye geti, yaani mlango wa metali kuingia kwenye kipande. Mjue hicho ni kidogo kiasi gani: metali ikianguka milimita 12.7 tu imeshafika kasi hiyo. Mkuu, kwako inaanguka umbali gani kabla ya kufika chini ya mfereji?

#11 MkonoWaAlumini
Kama sentimita 25.

#12 TandoMbili
Hiyo ni zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Mara nne ya kikomo na ushei. Fungua tena matokeo ya ujazaji, washa ramani ya kasi, tazama kwenye geti. Nina hakika programu ilikuonyesha, ila wote tunapenda kukimbilia ukurasa wa kuganda.

#13 MzeeWaMchanga
Nyie vijana mnanifurahisha. Mmoja gesi, mmoja utando, mmoja hadubini, wote mmekataa raiza yangu. Haya, endeleeni. Mimi nasisitiza shingo ya raiza ipimwe.

#14 Kifyatuo
Mzee usisuse, penye wengi hapaharibiki neno.

#15 JotoLaUkuta
Niingie na upande ambao haujaguswa. Thamani ya kupitisha joto kati ya metali na kalibu mliweka ngapi?

Nauliza kwa sababu hii ndiyo namba inayoamua karibu kila kitu kwenye kalibu ya chuma, na ndiyo namba ambayo watu wanaiacha ile iliyokuja na programu. Metali ikigusa ukuta kwa mara ya kwanza inaweza kuwa wati elfu kadhaa kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Ganda likishajengeka, kipande kinasinyaa na kujitenga na ukuta, mwanya wa hewa unatokea, thamani inashuka hadi mia kadhaa. Mahali ambapo kipande kinasinyaa *kukumbatia* chuma cha ndani hakuna mwanya, joto linaendelea kutoka kwa kasi. Namba moja kwa kalibu nzima haiwezi kuwa kweli.

Halafu kuna rangi ya kinga mnayopulizia kalibu. Fundi akiongeza tabaka, kalibu hiyo si ile ya kwenye kompyuta tena. Akikwangua upande wa kifundo na kusahau upande wa mkono, mpangilio wa kuganda unaweza kugeuka.

Na swali la mwisho: mliiga mizunguko mingapi? Kalibu ikianza kazi ni baridi au imepashwa kwa moto wa gesi, inahitaji mizunguko kumi au zaidi kabla joto lake halijatulia. Ukiiga mzunguko mmoja huku umeandika kalibu nzima ina nyuzi 300 sawasawa, umeiga kalibu ambayo haipo.

#16 MkonoWaAlumini
Mzunguko mmoja. Thamani ile iliyokuja na programu. Aliyeiga ni mtaalamu wa nje, sisi tulipokea ripoti yenye picha.

#17 JotoLaUkuta
Ndiyo maana nasema ripoti ya picha haitoshi. Mwombe ukurasa wa data alizoingiza. Mtaalamu makini atautoa bila kinyongo.

#18 RimuNaSpoku
Naongeza kisa chetu, kinaunga mkono posti #15. Tunasubu rimu za alumini kwa presha ndogo, metali inapandishwa kutoka tanuri ya chini kwa presha isiyofika hata ba moja. Mateso yetu yalikuwa pale spoku inapoungana na ukingo wa rimu. Pananenepa, panachelewa, na ukingo mwembamba unatangulia kuganda na kukata njia ya kulisha. Simulesheni ya kwanza ilisema hapana tatizo.

Tulichofanya ni kutoboa kalibu na kuweka vipimajoto vya waya karibu na uso, kwenye spoku, ukingo na kitovu. Joto halisi la kalibu pale kwenye ungio lilikuwa juu sana kuliko lile la kwenye programu. Tukarekebisha thamani za mguso hadi mikunjo ya joto ya programu ikalala juu ya mikunjo ya vipimajoto. Tulipoiga tena, doa jekundu likatokea pale pale eksirei ilipokuwa inalalamika. Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi: tukahamisha njia za hewa ya kupoza kwenye kompyuta, tukaziwasha na kuzizima kwa nyakati tofauti, tukachagua mpangilio mzuri kabla ya kugusa chuma.

Kwa hiyo sikubaliani na dai la posti #1. Kwetu simulesheni imeokoa kalibu nyingi zisichongwe upya.

#19 HaidrojeniTu
Lakini kwenu metali inatoka chini ya tanuri, imetulia na imefungwa. Yeye anachota kwa upawa. Hali si moja.

#20 RimuNaSpoku
Sawa, hilo nakupa.

#21 GridiKubwa
Samahani natoka nje kidogo ya mada. Hivi hizi sehemu kubwa za nyuma za gari zinazosubiwa kipande kimoja, kama Tesla walivyoanza na Model Y, simulesheni inaziweza? Mashine ya tani 6,000, na metali inajaa kufumba na kufumbua.

#22 PresiYaMoto
Bila simulesheni wasingethubutu, mkuu. Kwenye presha kubwa metali inapita getini kwa kasi ya mita 30 hadi 60 kwa sekunde, kwa hiyo kile kikomo cha TandoMbili hakina kazi huku. Huku tunajua metali itavurugika. Tunachopigania ni hewa itoke wapi, mikondo ikutane wapi ikiwa bado na joto, na pistoni ianze polepole kiasi gani ili wimbi la kwenye silinda ya kusukumia lisifunike hewa. Hewa inayonaswa programu inaikadiria vizuri. Ila mvuke wa dawa tunayopulizia kalibu ili kipande kisigande ukutani, sehemu kubwa ya simulesheni hauugusi. Kipande kinaweza kuwa na gesi ambayo haikutoka kwenye hewa wala kwenye haidrojeni.

Na kwenye vipande vikubwa vile tatizo jingine ni kupinda. Kikitoka kalibuni kinapoa kwa kasi tofauti, kinajikunja. Hapo unahitaji kuiga mikazo, kujaza na kuganda peke yake hakutoshi.

#23 MsomiWaUsiku
Kuna programu ya bure? Leseni hizi ni za wenye uwezo.

#24 Wavu_Laini
Jaribu OpenFOAM. Ina mbinu ya kufuatilia uso wa majimaji kwa sehemu ya ujazo ndani ya kila seli, ile ambayo Hirt na Nichols waliichapisha mwaka 1981, na kuna namna ya kuongeza kuganda. Usitegemee ramani za vitundu za kubofya, mengi utayaandika mwenyewe. Kwa kujifunza ni hazina.

Na kwenye ukuta mwembamba hakikisha una angalau seli tatu katika unene. Ukiweka moja, programu haiwezi kuona kwamba katikati kuna joto na pembeni kumeganda. Nimeona ripoti nzuri za rangi zilizojengwa juu ya seli moja.

#25 ChumaMviringo
Huku kwenye chuma chenye grafiti mviringo ndiko kuna mtihani. Kishikio cha breki, shafti ya injini, vyote tunasubu. Metali inasinyaa, halafu grafiti ikizaliwa inapanuka na kujilisha yenyewe. Ukuta wa kalibu ya mchanga ukiwa laini, ule upanuzi unasukuma ukuta badala ya kujaza vitundu. Kwa hiyo ugumu wa mchanga, chanjo ya mwisho ya metali (unga unaosaidia grafiti kuzaliwa), na muda uliopita tangu kuweka magnesi, vyote vinabadilisha jibu. Kalibu ileile, programu ileile, asubuhi salama, jioni vitundu. Nyie wa alumini mna nafuu.

#26 MzeeWaMchanga
Huyo ndugu wa #25 anasema kweli tupu. Mchanga uliopondwa vizuri ni raiza ya pili.

#27 MkonoWaAlumini
Narudi na habari wakuu. Tumekata, tumesugua, tumetazama.

Kwenye kifundo vitundu vingi ni mviringo. Kwenye shingo vimechongoka, na ndani ya viwili vitatu kunaonekana mstari mwembamba kama utando uliokunjwa. Kipimo cha ombwe tumekifanya: metali ikitoka kusafishwa kwa argoni (gesi inayopulizwa ndani kuondoa haidrojeni) inakuwa nzuri, ikikaa tanurini inaharibika taratibu. Na msimamizi wa zamu kagundua kitu: vipande vibaya zaidi ni vile vinavyofuata baada ya mapumziko, kalibu ikiwa imepoa na metali ikiwa imekaa.

Mtaalamu naye ameiga upya kwa mizunguko mingi. Safari hii shingo imeanza kuonyesha wekundu kidogo. Kifundo bado ni safi.

#28 JotoLaUkuta
Baada ya mapumziko! Kalibu imepoa, shingo inaganda mapema, njia ya kulisha inakatika. Nilisema.

#29 HaidrojeniTu
Baada ya mapumziko! Metali imekaa, imenyonya haidrojeni. Nilisema mimi.

#30 TandoMbili
Na ule mstari ndani ya vitundu vya shingo mmeuona wote mkaamua kuuruka. Metali iliyokaa ina ngozi nene juu, fundi anaichota pamoja na ngozi yake. Utando wa zamani unaingia kwenye kipande hata kabla ya mfereji.

#31 BintiMetali
Tatizo la ushahidi huo ni kwamba mapumziko yanabadilisha kalibu na metali kwa pamoja, kwa hiyo hauwezi kuwatenganisha ninyi watatu. Fanyeni hivi: siku moja baada ya mapumziko, pasheni kalibu hadi joto lake la kazi ila metali iacheni kama ilivyo. Siku nyingine safisheni metali kwa argoni na kalibu iacheni baridi. Linganisheni shingo na shingo, kifundo na kifundo.

Halafu, mnatumia strontiamu kulainisha silikoni? Watu wengi wameona vitundu vidogo vya kutawanyika vikiongezeka baada ya kuiweka, na sababu yake bado inabishaniwa.

#32 MkonoWaAlumini
Tunatumia. Hilo hatukulifikiria kabisa. Hayo majaribio mawili nayapeleka kwa msimamizi leo.

#33 RimuNaSpoku
Kwenye lile jaribio la kalibu iliyopashwa, weka kipimajoto shingoni, usitegemee bunduki ya kupima joto kwa mbali. Rangi ya kinga ikichakaa inabadilisha usomaji wake.

#34 TandoMbili
Na kabla ya yote mwombe mtaalamu aiinamishe kalibu kwenye kompyuta, imimine kwa kuinuka taratibu, metali iteremke bila kuanguka. Ni kazi ya usiku mmoja kwa mashine na hakuna chuma kinachochongwa. Aangalie kasi getini tu.

#35 MzeeWaMchanga
Akiinamisha, raiza inabaki wapi? Mnieleze hilo kwanza. Kalibu ikimaliza kuinuka raiza lazima iwe ndiyo ya juu na ndiyo yenye metali ya moto kuliko pote, la sivyo mmeondoa utando mkaleta kusinyaa.

#36 TandoMbili
Mzee hapo umenibana. Inategemea beseni la kumiminia limefungwa upande gani. MkonoWaAlumini, tuwekee mchoro wa kalibu, hata wa mkono.